Kifuniko Kwanza

Nafula, kabla hujatoa hata shilingi,
funga, fungua, funga tena.
Sikiliza. Kopo zuri hukohoa kidogo likifungwa,
kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.
Kopo baya hunyamaza tu,
na sisimizi wanaujua ukimya huo.

Tuko Kibuye, Jumapili, jua limeshakalia mabati,
plastiki zimepangwa hadi kimo cha mtu,
nyekundu, buluu, kijani cha kuumiza jicho.
Odiwuor muuzaji anayagonga makopo kwa goti
kutuonyesha hayapasuki.
Hatununui ngoma, bwana.
Tunatafuta pa kuweka unga.

Nimekuja na futi ya kushonea.
Rafu yako ya Manyatta niliipima jana:
kina sentimita ishirini na nane,
urefu mkono mmoja na shubiri,
juu yake waya wa stima usioguswa.
Basi achana na ya mviringo, hata yakiwa na maua.
Duara hula pembe, na chumba kimoja, mdogo wangu,
hakina pembe ya kulisha duara.
Chukua ya mraba, yabebane mgongoni.
Chukua yanayoonyesha tumbo,
usije ukatia chumvi kwenye chai
kama nilivyofanya mimi, mwaka ule, mbele ya wakwe.

La mchele, mdomo upitishe kikombe
pamoja na ngumi iliyokishika.
Mafuta ya taa yakae peke yao, chini, mbali;
harufu yao ina miguu.
Omena usiwafungie kwenye plastiki,
wataishi humo hata ukishawala.
Wape kikapu, watundike, wapumue.
Na yakija mahindi ya nyumbani Butula,
yaanike mpaka yalie jinoni,
ndipo uyazibe kwenye dumu.
Dumuzi habishi mlango. Huja na mahindi yenyewe,
kama deni lililofichwa ndani ya mahari.

Ukachagua kumi na mawili.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Nikauma mdomo.
Odiwuor akayafunga kwa kamba ya katani,
tukavuka barabara na ghorofa yetu mgongoni.

Jioni ukaandika kwa kalamu ya wino mzito:
SUKARI. MCHELE. NDENGU.
Vitu vikaishia hapo.
La nne ukaliandika ASALI, ukacheka peke yako.
Tisa yakabaki rafuni yakitutazama
kama darasa lako siku ya kwanza ya muhula,
na mshahara wako wa kwanza bado uko Nairobi
unatafuta njia ya kuja.

Hapo akaingia jirani, Nyar Alego,
na njugu za kuchemsha ndani ya kopo kuukuu la siagi,
ukingo umeyeyushwa na jiko la nani sijui.
"Karibu mtaani. Kopo nitalisubiri."
Akasimama kweli, akalisubiri.
Njugu zikapata makao. Lakini kwetu
chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Tukaangaliana. Sukari ilikuwa robo.
Ukaifungua, kile kikohozi kidogo,
ukampimia vijiko vitano vya kilima
mpaka nikaiona rafu kupitia chini ya kopo.

Nililala kwako, mkekani, kati ya ndoo na mlango.
Saa nane mvua ikashuka na bati likatusaliti,
tone moja, palepale penye vitabu vya wanafunzi.
Nikakusikia ukipapasa gizani.
Ukashusha ASALI, ukaliweka chini ya tone.
Ti. Ti. Ti.
Lilienea sawasawa pale, kana kwamba nalo tulilipimia.

Kifuniko chake mpaka leo
sijui ulikiweka wapi.