Swali la Saba

"Soma tena," anasema Mama Elinkunda wa Rau,
vidole vikibambua maharage.
Nasoma: Mtu anapaswa kubadili imani yake
akipata ushahidi mpya. Moja hadi tano.
"Imani? Mimi nilibatizwa Kidia mwaka wa njaa.
Andika moja.
Kama kuna sifuri, andika sifuri."

Naandika moja. Fomu haina nafasi
ya shimo lile nyuma ya jiko,
pale ulipokuwa mbuni alioupanda marehemu.
Miaka ishirini alikataza usiguswe,
mpaka mjukuu alipofukua akamwonyesha mizizi:
mchwa watupu.
Alitazama kitambo. Akaenda mwenyewe kuleta sururu.

Nyumba ya pili, Mwalimu Anaeli:
tano, tano, tano, kalamu haipumziki.
Nilipouliza kama swali la tatu limeeleweka
alivua miwani.
"Wewe ndiye wa kunifundisha Kiswahili?"
Akili wazi, alama zote. Nyuma yangu, komeo.

Usiku, chumbani Majengo, umeme umekatika.
Najijazia ya kwangu kwa tochi ya simu.
La saba: nazungushia nne. Nafuta. Tatu.
Nafuta tena.

Kesho nitampigia msimamizi,
nimwambie "imani" itoke, tuweke "maoni".
Atasema watu mia mbili wameshajibu,
na kwamba neno lilipitishwa na kamati.
Huenda nitasema sawa.
Ninavyojijua, nitasema sawa.

Karatasi imetoboka. Tunduni linachungulia
swali la karatasi ya chini,
nusu yake tu:
*je, umewahi*