Koti la Kuazima

Nguo ya kuazima, tumeambiwa, haisitiri maungo.
Lakini hapa Mudete, ushirika wa wakulima wa chai,
kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi
Mideva wa kaunta ya pili hubadilisha nywila,
na daftari la nywila si lake,
hata kulichungulia haruhusiwi.
Ndipo programu ndogo humvua Umideva,
humvika koti la mkuu wa mashine,
aandike mstari mmoja, wake tu,
kisha koti hurudi msumarini
kabla uji wake haujapoa.
Yote hayo kwa herufi moja, s,
imekalia kiti cha x
na mwenye kiti hanung'uniki.

Kuna t, mkiani mwa folda ya wote.
Huyu namjua tangu utotoni, banda la mizani, siku za mvua:
kila mtu hutua kikapu palipo na nafasi,
asiyekijaza hakiinui.
Mama Kageha aliacha chake siku tatu, akaenda matanga Hamisi.
Akakikuta. Majani yamekuwa meusi, lakini yake.

Ya tatu sina hadithi yake.
Faili izaliwayo humo huchukua ukoo wa nyumba,
si wa aliyeizaa. Basi.

Jana usiku, jenereta ikikohoa nje,
niliiambia mashine: nitajie wote
wanaovaa koti la mkuu.
Ikataja ishirini na wawili.
Ishirini na mmoja nawajua.
Wa mwisho kajibanza kati ya picha za mkutano wa mwaka,
jina lake nukta, halafu mvua.
Elfu nne mia saba hamsini na tano.
Tarehe: ile Ijumaa tuliyomkatia Kisanya keki ya kumuaga.
Keki nilinunua mimi.
Alinikabidhi funguo zote mezani,
akazihesabu mara mbili.

Sijui kama aliwahi kurudi kulivaa.
Kumbukumbu za miezi ile zimeshafutwa,
na aliyeagiza zifutwe kila siku tisini
ni mimi.

Nikaing'oa s.
Faili ikabaki pale pale, uchi,
haina nguvu kumzidi anayeiita.
Sikuifuta. Mwenyekiti ataka kuiona kwa macho yake.

Asubuhi Mideva aliuliza, mbona macho mekundu?
Nikasema nilikesha nikihesabu makoti.
Akajifunga leso vizuri mabegani.
"Kwa baridi hii ya Mudete," akasema,
"na bado umemvua mtu?"