Kushika Utepe

Mimi Ndahani, mchoma mkaa wa Chenene,
miaka kumi na minne niliutazama myombo
nikaona magunia.
Huu, matatu. Ule uliopinda, mawili na debe.
Leo nimeajiriwa kushika ncha ya utepe.

"Zungusha usawa wa kifua," asema Sechelela wa Misitu,
"kifua chako, Baba. Mti hauna."
Nakumbatia gome.
Sijapata kuukumbatia mti
bila shoka kunisubiri chini.

Mzingo sentimita tisini na nne.
Anabonyeza simu, anakunja uso kwa jua,
kisha ananitajia: kaboni, kilo mia mbili na kitu.

Kaboni ndiyo nini?

Anafikiri. Anainama, anachokoa kwa kidole
majivu ya tanuri la zamani
(hakuuliza ni la nani)
anaibuka na kipande cheusi.
"Hii. Majani huinyonya hewani
ingali haina rangi, haina harufu,
mti ukaifanya mwili wake."

Nikacheka. Kicheko kikanikwama.

Kumbe mkaa ulikuwepo siku zote,
umesimama, umevaa kijani,
nami nikijidhani ndimi niliyeutengeneza
kwa udongo, nyasi na usiku saba wa kukesha!
Nilikuwa naufungulia mlango tu.
Ule moshi ulioniliza machozi
ulikuwa ukirudi kwao.

Tukapita kwenye kisiki.
Nakijua: kilinilipia sare ya Nyemo, darasa la kwanza,
na viatu, vikubwa kwa namba moja.
Kimechipua fimbo tano, zinasukumana
kama watoto kwenye bomba la maji.
"Hivyo vyembamba hatuandiki," akasema, akasonga mbele.

Na udongo je? Huo aliuchimba, akautia mfukoni,
akauandika kama mtu anayeandika jina la mgonjwa.
Akasema mizizi nayo huweka akiba.
Mimi sikuwahi kuihesabu mizizi.
Haichomeki vizuri.

Jioni, posho mfukoni
(haifiki nusu ya gunia, nisidanganye)
nikarudi kwenye kisiki peke yangu.
Nikakata fimbo nne, nikaacha moja iliyonyooka.
Nikaipima kwa uzi wa kiatu:
sentimita sita.
Sikuwa na kalamu. Nikaokota kile kipande
nikaiandika kiganjani.

Nyumbani Mbeleje anapuliza jiko,
mkaa wa kununua, wa kijana wa jirani.
Akanishika mkono, akausogeza kwenye mwanga:
"Hii sita ni namba ya nani?"