Upande Usiojibu

Ukutani, pale dukani Mtemani,
baba aliandika kwa rangi nyekundu iliyobaki mlangoni:
KINYOZI HAJINYOI? UONGO.
Na kila alfajiri, baada ya sala, kabla ya chai,
alijinyoa mbele ya kioo chenye ufa,
wembe ukishuka shavuni
kama mtu anayeteremka ngazi za kwao gizani.

Kisha kiharusi kikamkuta, mwezi nne Shaaban,
kikachukua nusu: mkono wa kulia, mguu, maneno,
na nusu ya uso ikalegea
kama pazia lililong'oka msumari.
Ndevu hazikuambiwa.
Ziliota pande zote mbili.

"Aje Kombo wa saluni, ana mashine," alisema mama.
Baba akamtolea macho.
Akanyosha mkono wa kushoto kwenye sanduku,
akaniangalia mimi. Mimi, Mize,
niliyefukuzwa dukani utoto wangu wote nisiguse.
Mtoto akililia wembe, mpe, ndivyo wasemavyo.
Mimi sikuulilia. Nilipewa.

Mwanzo ulikuwa kinoo.
Kimebonyea katikati kama godoro la mgonjwa;
nilikisugua na tofali hadi kikawa sawa.
Maji, si mafuta.
Mgongo wa wembe na makali yake
vilale pamoja juu ya jiwe, kimoja kisisimame.
Kwenye jiwe makali yatangulie,
kwenye ngozi utangulie mgongo.
Nikasahau, mara moja tu,
na ule mkanda wake, mkubwa kwangu kwa umri,
ukapata kovu.
Baba aligonga ubao wa kitanda mara mbili.
Mbili maana yake: mjinga, rudia.
Moja maana yake nini, wiki nzima sikujua.

Nikajaribu juu ya pulizo la Idd, nimelipaka povu.
La kwanza likapasuka, paka akahama nyumba.
La pili. La tatu.
Hamadi, mdogo wangu, akalilia mapulizo yake.
La nne nililinyoa lote, kidevu na mashavu,
likabaki jekundu, safi, limeshangaa.

Nikang'oa unywele wangu mmoja,
nikauangusha juu ya makali.
Ukafika chini vipande viwili.
Baba akagonga mara moja.

Ijumaa. Kitambaa cha moto, burashi, sabuni.
Nikaivuta ngozi kwa kidole gumba,
wembe umeinuka kidogo tu,
kama kifuniko cha sufuria kinachoachia mvuke.
Upande wa kushoto alinisaidia:
alipinda mdomo, alijaza shavu pumzi,
alijua kila udevu ulipo na unakoelekea.

Upande wa kulia haukunijibu.
Ngozi ilikuja popote nilipoivutia,
nzito, kama nguo iliyoloa.
Pale chini ya taya, nikakata.
Damu ikashuka kwenye povu, haina haraka,
naye hakujua.
Macho yake yalikuwa uani, kwa kuku.
Ningeweza kuifuta. Ningeweza kunyamaza.
Nikamshikia kioo.

Akaitazama muda mrefu,
kama mtu aliyepokea barua
kutoka nyumba aliyodhani imehamwa.
Kisha nusu ya mdomo wake ikacheka.
Akachukua shabu kwa mkono wa kushoto,
akapatafuta pale nilipokata,
akapakosa,
akapakosa,
akapapata.

Sharafa moja imepanda kuliko ya pili.
Mama anasema amekuwa kama mtu
anayesikiliza mazungumzo ya jirani.
Usiku huu nimeukausha wembe,
nimeupaka tone la mafuta ya nazi,
kabla ya hapo nimeupitisha ngozini mara ishirini,
mgongo mbele, mgongo mbele.
Huko chumbani anagonga.
Nahesabu.