Itatajwa

Karani alisema: itatajwa tarehe kumi na tisa.
Hakusema itasikilizwa. Itatajwa.
Nikamuuliza tofauti yake. Akainamia daftari,
akaita jina linalofuata.

Tangu siku hiyo nalipima neno hilo
kama kitambaa cha mteja mwenye maneno mengi.
Kutajwa, wanatajwa marehemu kwenye hitima,
wanatajwa wenye madeni dukani kwa Mangi,
anatajwa mke mwenza akishatoka uani.
Kusikilizwa ni jambo lingine,
linataka mtu akae, aweke kalamu chini.

Kosa langu ni mdomo.
Wameliandika kwa herufi kubwa: KUTOA LUGHA YA MATUSI.
Neno lenyewe karani alilisoma kwa sauti ya chini,
akakohoa katikati yake,
hakimu akatazama dirisha,
na mimi, mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili,
nikaona haya kulisikia likinirudia
limevaa suti.

Nililitamka barazani kwangu, Buguruni, saa nne asubuhi,
mgambo wawili wameinyanyua cherehani
huyu huku, yule kule, kama wabeba jeneza.
Chini ya mguu wa sindano kulikuwa na mkono wa gauni,
wa kushoto, zambarau, umeshonwa nusu.
Uzi ukawafuata.
Kutoka barazani hadi kwenye gari lao
uzi ulikuwa unawafuata tu, haukatiki,
na hapo ndipo mdomo ulipofunguka.

Sasa cherehani ni kielelezo.
Iko stoo ya kituo, imefungwa kikaratasi shingoni,
kati ya mizani ya muuza nyanya
na baiskeli ya gurudumu moja.
Kondo fundi friji, aliyenidhamini, aliiona
alipopeleka barua ya mtendaji.
Anasema mkono ungali pale. Sindano imeushika.

Gauni ni la Sikudhani.
Harusi ya mdogo wake, tarehe kumi na mbili.
Kila jioni anapita, gauni haliulizii,
anaulizia presha yangu,
huku macho yako kwenye saruji
pale miguu minne ilipoacha alama nne.
Bora angedai.

Nililala mahabusu usiku mmoja tu.
Wapo waliolala miezi, najua, niliwakuta,
mmoja alinipisha upande usio na maji.
Watu wananiambia: hilo dogo, utapigwa faini, utarudi.
Dogo, ndiyo. Na sindano ni ndogo.
Ikipotelea kwenye godoro, nani analala?

Nasra, mjukuu wangu, ameizungushia duara nyekundu
ile tarehe, kwenye kalenda ya duka la dawa,
na nyota pembeni.
Bibi, ni sikukuu gani?
Nikamwambia, ya kwangu.
Akauliza kama tutapika pilau.

Usiku najifunza kusema mheshimiwa.
Mheshimiwa, nilighadhibika. Mheshimiwa, naomba radhi.
Naishona toba yangu polepole, mshono mmoja mmoja,
inakwenda vizuri hadi kifuani,
kisha lile neno jingine linachomoza lenyewe,
zima, halina hata mkunjo,
nami nacheka peke yangu gizani
hadi Nasra anageukia ukutani.

Leo ni kumi na mbili.
Alfajiri nilimaliza gauni kwa mkono, kwa taa ya simu.
Mkono wa kushoto nimeukata kwenye kitambaa kingine,
zambarau ya jirani na ile, si yenyewe.
Sikudhani akavaa, akajigeuza mbele ya kioo cha kabati.
Akasema, haionekani.
Inaonekana.
Nikamfunga zipu, sikutoza hela,
nikasimama mlangoni kumtazama
akivuka barabara kwenda kwenye gari la wageni,
pochi ameikumbatia
upande wa kushoto.