Acha Wazi

Jioni, viganja vingali na kutu ya mkokoteni,
nakaa dawati la nyuma, Kisauni, chumba kilicho juu ya duka la simiti.
Madamu Kerubo anageuka na chaki:
"Maji," asema, "kwa Kiingereza hayahesabiki."

Nikacheka peke yangu.
Tangu alfajiri nimehesabu maji:
mitungi kumi na sita safari ya kwanza,
kumi na sita ya pili,
mmoja ulipasuka kwenye matuta ya Bakarani
na nikauhesabu pia, maana mwenye kisima hasamehe.
Shilingi thelathini chini, arubaini nikipanda ghorofa.
Kama hayahesabiki, Madamu,
mgongo huu umelipwa kwa lipi?

"Kinachohesabika ni mtungi, si maji."
Basi nikaandika.

Viko vijineno viwili, vinatangulia jina kama wapambe.
Cha kwanza herufi moja tu, a,
mguno wa mtu aliyekanyaga kaa la moto.
Hicho ni cha kitu ambacho hamjajuana bado:
mtungi mmoja, wowote,
mwanamke fulani anayeita kutoka dirishani.
Cha pili ni dha, na hapo sisi wa pwani tunatamba,
ulimi umelala na dhahabu na dhiki tangu utotoni;
Madamu mwenyewe husema da.
Hicho ni cha tunachokijua sote:
mtungi ule, uliozibwa kwa gunzi la hindi.
Mwanamke yule.

Na mchele, sukari, unga, chai?
"Msitie a. Acheni wazi."
Habari je? "Wazi." Ushauri? "Wazi." Pesa?
Kwenye pesa darasa zima likaguna.
Mwanamke mmoja, muuza viazi karai wa Mlaleo,
Bi Mwanasiti kwa jina,
akafungua pindo la leso akazimwaga juu ya dawati:
"Mia. Mia na hamsini. Mia na sabini.
Zimehesabika, mwanangu, na hazitoshi."

Saa mbili tukapumzika. Madamu akatoa kichwa mlangoni:
"Chai mbili, moja bila sukari!"
Nikamwambia taratibu, chai haihesabiki, Madamu.
Akacheka mpaka chaki ikamponyoka.

Lugha yetu nayo ina vituko vyake.
Maji kwetu yamezaliwa mengi, hayana umoja;
hata chozi moja kwenye kope ni maji haya,
hakuna aliyewahi kulia ji.
Mchele nao hubaki mmoja hata ukijaza ghala.
A hatuna, dha hatuna.
Tunanyoosha kidole tu: yule. Na anajulikana.

Jumatatu mabomba yalikuwa makavu siku ya tisa.
Simu ikalia kabla ya adhana: leta maji, Mlaleo,
kwa Bi Mwanasiti.
Sikuuliza mingapi. Nilipakia yote.
Uani wameshatundika shuka,
mikono ya wanawake inapokea, inapokea,
na maji yanatoka chini ya pazia, yanashika mfereji,
yananuka kafuri na majani ya mkunazi.
Mazoea ni mazoea: nilianza kuhesabu.
Kwenye saba nikapotea.
Mwanawe akanifuata mlangoni, noti ameikunja kiganjani:
"Ni ngapi, Chirongo?"
Nikainama kukaza gurudumu ambalo halikuwa limelegea.

Alhamisi tulipewa jaribio. Jaza mapengo.
Namba ya nne, maji. Nikaacha wazi.
Namba ya tano ilikuwa mwanamke,
na sijui sentensi ilisemaje baada ya hapo,
nilijaza dha,
kwa herufi kubwa, ambalo ni kosa,
huku natazama dawati la mbele lenye doa la mafuta.

Usiku nikafungua daftari la madeni.
Ukurasa wa Jumatatu jina lake lipo.
Safu ya mitungi, wazi.
Safu ya shilingi, wazi.
Mwenye kisima ananidai ya kumi na sita.