Magunia Matatu

Tulivua viatu mlangoni, kama msikitini.
Mbale nzima ya ofisi za kahawa
chumba kile tu kilikuwa na feni,
na feni haikuwa yetu. Ilikuwa ya mashine.

Nambozo huiondolea kitambaa alichodarizi mwenyewe,
akasukuma diski, ikakohoa,
kisha herufi za kijani, mojamoja,
zikachungulia gizani.

"Usiguse. Inakumbuka."

Ilikumbuka kweli. Kila msimu
printa ilisaga meno, ikatapika karatasi
yenye matundu pembeni:
*Wodeya, Bududa, magunia matatu* —
na Wodeya tulikuwa tumemzika mwaka wa maporomoko.
Hakuna aliyejua namna ya kumfuta.
Mjane wake alikuja,
akaipokea risiti kwa mikono miwili.

Umeme ukikatika tulinyamaza sote watatu:
feni, mashine, mimi.

Leo diski iko mezani kwangu,
nyepesi kama jani kavu la mgomba.
Simu yangu ina kumbukumbu mara elfu ngapi, sijui,
ila haina tundu la kuitia.

Naitikisa sikioni.
Kitu kinachakarika humo ndani.
Kahawa, labda,
ambayo bado haijapimwa.